Mwongozo upo, mafundi bado wanapiga simu: mhariri aanzie wapi?

Swali: "Habari za kazi, mtaalamu. Nimesomea lugha, na sasa nimeajiriwa na kampuni inayounganisha na kuuza mifumo ya pampu na uchujaji wa maji. Nimekabidhiwa mwongozo wa matumizi wenye kurasa 140 niuhariri 'uwe rahisi kueleweka'. Umeandikwa na wahandisi wetu, na sehemu nyingine zimetafsiriwa kutoka vitabu vya watengenezaji wa vifaa. Mafundi na wateja wanao, lakini kila siku wanapiga simu kuuliza mambo yaliyomo humo humo ndani. Nimeanza kwa kukata sentensi ndefu na kuondoa maneno magumu. Nimefika ukurasa wa 30, na nikisoma tena naona lugha imekuwa nyepesi lakini sina hakika kama kuna kilichobadilika. Wahandisi hawataki nipunguze hata aya moja. Wanasema mimi si fundi, na nikikosea mtu anaweza kuumia. Meneja amenipa miezi miwili. Je, kuna kipimo cha kujua kama maandishi yanaeleweka? Na kweli mtu asiye fundi anaweza kuhariri kitabu cha namna hii?"

Jibu: Asante kwa kueleza kinaganaga. Umesema kurasa ulizokwisha kuhariri zimekuwa nyepesi lakini huna hakika kama kuna kilichobadilika. Shaka hiyo ishike, ni shaka nzuri. Kuna wahariri wanaofika mwisho wa kitabu bila kuipata, wakakabidhi kazi safi kabisa, na simu zikaendelea kuita vilevile.

Nikupe majibu mafupi kwanza, kisha tuyafungue. Ndiyo, asiye fundi anaweza kuhariri mwongozo wa kitaalamu, mradi ajue mipaka yake iko wapi. Kipimo kipo, lakini hakihesabu maneno. Wahandisi wako wana haki katika jambo moja na wamekosea katika jingine. Na huo ukurasa wa 30, simama hapo hapo. Usiende wa 31.

Tumezoea kudhani kwamba mtu asiyeelewa mwongozo ameshindwa na lugha. Mara nyingi lugha haina kosa. Hakufika kwenye ukurasa wenyewe, au alifika akakuta mambo yamepangwa kwa namna mhandisi anavyoifikiria mashine. Mhandisi huandika kwa kufuata mashine ilivyoundwa: sura ya mota, sura ya pampu, sura ya filta, sura ya paneli ya umeme. Fundi hana swali kuhusu sura ya mota. Swali lake ni kwamba maji hayatoki na mteja amesimama nyuma yake. Ili apate jibu kwenye kitabu chenu inabidi ajue kwanza hitilafu iko kwenye kifaa gani, na angelijua hilo asingekifungua kitabu. Ndiyo maana anapiga simu kuuliza jambo ambalo wewe unaliona wazi kwenye ukurasa wa 87. Kwake yeye halipo.

Jambo hili lilichunguzwa zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, John Carroll na wenzake katika kampuni ya IBM waliwatazama watu wakijifunza kutumia kompyuta za ofisini kwa msaada wa vitabu. Watu hawakusoma kwa mfululizo. Waliruka, wakajaribu, wakakosea, kisha wakahangaika kutafuta njia ya kurudi walikotoka, na kitabu mara nyingi hakikuwa na neno lolote la kuwasaidia kutoka kwenye kosa. Carroll akaandaa vitabu vifupi zaidi, vinavyoanza na kazi halisi na kutoa nafasi kubwa kwa kutambua makosa na kuyarekebisha. Waliovitumia walijifunza kwa muda mfupi zaidi. Mwaka 1987 yeye na Mary Beth Rosson walikieleza kitendawili chenyewe: mtu angeokoa muda kama angesoma kwanza, lakini hasomi, kwa sababu alichokuja kufanya ni kazi yake na kusoma kunamchelewesha. Kwa hiyo ukisikia ofisini kwenu kwamba "mafundi wetu wavivu wa kusoma", usiitikie. Ndivyo binadamu tulivyo, wahandisi wakiwemo wanaponunua simu mpya.

Kuna na suala la kumbukumbu. Fundi husoma hatua, anainua macho, anatafuta kifaa, anatenda, anarudi kwenye karatasi na kutafuta alipoachia. Katika safari hiyo fupi hawezi kubeba mengi. Mwanasaikolojia Nelson Cowan, katika makala yake ya mwaka 2001, alikadiria kwamba tunaweza kushikilia kichwani vitu kama vinne tu kwa wakati mmoja. Hatua yenye vitendo vitatu na masharti mawili inamwagika kabla macho hayajafika kwenye vali. Ndiyo sababu ya kuandika kitendo kimoja kwa hatua na kuweka namba: namba ni mahali pa macho kutua yanaporudi.

Sasa hicho kipimo ulichouliza. Bila shaka umeshakutana na fomula za usomekaji, zile zinazokupa alama baada ya kuhesabu maneno katika sentensi na silabi katika neno. Iliyo maarufu zaidi ni ya Rudolf Flesch ya mwaka 1948, na aliiunda kwa ajili ya Kiingereza. Kwetu haifai hata kidogo. Neno kama "usipoifunga" limebeba mtenda, ukanushi, sharti na kitendwa, na hakuna mtoto anayeliona gumu. Fomula ingelihesabia silabi zake sita na kukuadhibu. Hali ni hiyo hiyo kwa kanuni ya ASD-STE100, kile Kiingereza rahisi kilichobuniwa kwa ajili ya vitabu vya matengenezo ya ndege, inayotaka sentensi ya maelekezo isizidi maneno 20 na ya maelezo isizidi 25. Nidhamu yake ni nzuri na naipenda, lakini namba zake usizihamishe zilivyo. Halafu kuna kasoro kubwa kuliko hizo: hakuna fomula itakayokuambia kwamba kuna hatua haimo.

Hebu tuangalie kwa karibu. Aya hii nimeitunga, lakini nadhani utaitambua:

"Kabla ya kuwasha pampu ni muhimu kuhakikisha kwamba vali ya kutoa maji imefungwa na pampu imejaa maji, ambapo hewa yote inapaswa kuwa imeondolewa kupitia skrubu ya hewa, na mara mota itakapofikia kasi yake vali ifunguliwe taratibu, ikikumbukwa kwamba kuiwasha ikiwa kavu kutaharibu sili."

Ukiikata kama ulivyokuwa ukifanya, utapata sentensi nne au tano fupi zinazosomeka vizuri sana. Na fundi ataunguza sili, kile kizuizi cha maji yasivuje kwenye pampu, vilevile. Pampu inajaaje maji? Kutoka kwenye tangi, kupitia vali ya kuingiza maji, na vali hiyo haikutajwa popote. Kama aliyefunga mitambo aliiacha imezibwa, pampu itazunguka kavu huku fundi akiwa ametii kila neno. Mwandishi hakusahau kwa uzembe. Kwake yeye jambo hilo liko wazi mno kiasi kwamba halimjii kichwani kama jambo la kuandikwa. Angalia tena: onyo la kuunguza sili limekuja mwisho, baada ya pampu kuwashwa. Na neno "kuhakikisha" linamwagiza mtu awe na uhakika bila kumwambia ataupataje. (Nina ugomvi wangu wa binafsi na "ni muhimu kuhakikisha kwamba". Kila ukilikuta, uliza: kwa kutazama nini? Kama hakuna anayejua, umepata tundu.)

Sasa ifuate kazi yenyewe, kutoka mkono unapoanzia mpaka unapoishia:

Kuwasha pampu (tangi likiwa juu ya pampu)

ANGALIZO: Usiwashe pampu ikiwa haina maji. Sili itaungua.

1. Funga vali ya kutoa maji.
2. Fungua vali ya kuingiza maji mpaka mwisho.
3. Legeza skrubu ya hewa. Subiri mpaka maji yatoke bila mapovu.
4. Kaza skrubu ya hewa.
5. Washa mota.
6. Mshale wa geji ya presha ukitulia, fungua vali ya kutoa maji taratibu.

Hii bado haijaisha, na hapo ndipo kutokuwa fundi kunapokuwa mtaji wako. Kutokana na hatua sita tu, una maswali ya kumpelekea mhandisi. Je, pampu inaweza kuzunguka kwa muda gani vali ya kutoa maji ikiwa imefungwa kabla maji yaliyomo ndani hayajapata moto? Je, mshale wa geji kutulia ndiyo dalili sahihi ya kwamba mota imefikia kasi, au kuna nyingine? "Taratibu" ni kwa kiasi gani, na mtu akifungua kwa pupa kinatokea nini? Mhandisi aliyesoma aya ile ya mwanzo mara kumi hakuyaona maswali haya kwa sababu majibu anayo kichwani na yanajaza mapengo bila yeye kujua. Wewe huna cha kujazia. Ukimpelekea kitabu kizima na kumwambia "tafadhali pitia", atakurudishia na kusema kiko sawa. Ukimpelekea maswali matatu yenye nafasi ya kuandika jibu, atajibu, na pengine utamwona akikuna kichwa.

Mpaka wako ndio huo sasa. Swali ni lako, jibu ni lake. Namba yoyote ya presha, joto, muda, volti au kipimo cha dawa, hata ukiona ina makosa dhahiri, usiisahihishe mwenyewe. Iwekee alama, uliza. Ukiishika kanuni hii wahandisi wataacha kukuogopa haraka kuliko unavyodhani.

Kuna mtego wa Kiswahili chenyewe ambao vitabu vya uhariri vilivyoandikwa kwa lugha nyingine havitakutajia. Vifaa vyetu karibu vyote vina majina ya kukopa, na majina hayo yameangukia ngeli moja: pampu, mota, vali, swichi, filta, geji, fyuzi, sili. Zote ni "i-" na "ya". Kwa hiyo mwandishi anapoandika "baada ya filta kusafishwa, vali ifungwe na iwashwe tena", msomaji hana msaada wowote wa kisarufi wa kujua kinachowashwa ni nini. Kwenye barua au hadithi muktadha ungetosha. Kwenye mwongozo, taja jina upya kila mara, hata kama sikio lako la mwanalugha linalalamika. Shuleni tulifundishwa kuepuka kurudiarudia. Hapa rudia bila haya.

Jaribu pia kulitazama neno "funga" kwenye kitabu chenu. Fundi "anafunga" pampu mpya, maana yake anaisimika mahali pake. "Anafunga" vali, maana yake anazuia maji. "Anafunga" bolti, anaikaza. Na wengine "hufunga" mashine kwa maana ya kuizima. "Funga vali ya pili kabla ya kuendelea": naichukua kwenye boksi niisimike, au iko tayari na naizungusha? Chagua neno moja kwa kila tendo na ulishike kitabu kizima: kwa mfano simika, funga na fungua kwa vali tu, kaza na legeza kwa nati na skrubu, washa na zima kwa umeme. Fanya hivyo hivyo kwa vifaa. Nina hakika kuna kitu kwenye mfumo wenu kinachoitwa "paneli" ukurasa wa 12, "kisanduku cha umeme" ukurasa wa 40 na "boksi la swichi" kwenye mchoro. Andika orodha ya majina, waulize mafundi wao wanakiitaje, mpe mhandisi aidhinishe, kisha usiitoke. Kazi hii inachosha na haina sifa yoyote, lakini ni vigumu kupata nyingine inayoondoa utata mwingi namna hii.

Kuhusu maonyo ningependa uende polepole kuliko mahali pengine popote. Kitabu kilichojaa maonyo kila ukurasa humfundisha msomaji kuyaruka. Utaratibu wa Marekani unaojulikana kama ANSI Z535 unatenganisha ngazi kwa uzito wa madhara: ngazi ya juu ni ya jambo ambalo lisipoepukwa litaua au kujeruhi vibaya, ya pili ni ya jambo linaloweza kufanya hivyo, ya tatu ni jeraha dogo au la wastani, na uharibifu wa mali tu una neno lake la pembeni. Kwa Kiswahili unaweza kutumia HATARI, ONYO, TAHADHARI na ANGALIZO, mradi uzieleze mwanzoni na usizichanganye. Ndiyo maana sili kuungua nimeipa ANGALIZO tu: hakuna anayeumia. Kufungua kisanduku cha umeme bila kuzima swichi kuu na kuiwekea kufuli ni HATARI. Kila onyo liseme kitu gani kina madhara, madhara yenyewe ni yapi, na mtu afanye nini kuyaepuka. Liwekwe kabla ya hatua inayohusika, kwenye ukurasa ule ule. Onyo lililo kwenye utangulizi wa kitabu ni kinga ya kampuni mahakamani; mkono wa fundi haliufikii.

Wahandisi wako wanaposema mtu anaweza kuumia, wana haki. Ila hatari hiyo haiji na uhariri pekee. Kitabu kisichoguswa nacho huumiza. Kati ya 1985 na 1987 mashine ya tiba ya mionzi iitwayo Therac-25 iliwapiga wagonjwa kadhaa mionzi kupita kiasi, na baadhi yao walifariki. Chanzo kikuu kilikuwa programu ya kompyuta na kukosekana kwa vizuizi vya kimitambo, hilo lisisahaulike. Lakini katika ajali za mwaka 1986 kule Texas skrini ilionyesha maneno "Malfunction 54", na kitabu cha mwendeshaji hakikueleza maana yake. Mashine yenyewe iliruhusu mtu abonyeze kitufe aendelee, na waendeshaji walikuwa wameshazoea kukatizwa na ujumbe kama huo mara kwa mara. Basi fungua kitabu chenu uone: kila namba ya hitilafu inayotokea kwenye kioo cha paneli ina mstari wake? Unasema maana yake, na unasema mtu aache kazi au aendelee? Kama kuna hata moja isiyo na maelezo, hilo ni swali la leo, lisisubiri miezi miwili.

Wana haki pia ya kuogopa kupunguza. Usiwaombe ruhusa ya kufuta. Waombe ruhusa ya kuhamisha. Nadharia ya mota, majedwali ya vipimo, historia ya toleo, vyote vibaki, lakini viende nyuma kwenye sehemu ya marejeo. Mbele pawe na kazi: kusimika, kuwasha, kuzima, kusafisha filta, kubadilisha sili, na kutafuta hitilafu. Kila kazi ianze ukurasa mpya, na kichwa chake kiwe tendo. Ukihitaji wa kukuunga mkono, wataje IEC/IEEE 82079-1 ya mwaka 2019, kiwango cha kimataifa cha maelezo ya matumizi ya bidhaa, kinachoyachukulia maelezo hayo kuwa sehemu ya bidhaa yenyewe. Wahandisi husikiliza viwango kuliko wanavyosikiliza wanalugha, na hakuna ubaya kulitumia hilo.

Miezi miwili haitoshi kwa kurasa 140 kwa namna hii, na ni afadhali meneja ajue sasa. Lakini inatosha kwa kazi zinazoleta simu nyingi. Nenda kwa anayepokea simu. Kama haandiki, mwombe aandike kwa wiki moja au mbili: mtu aliuliza nini, kwa maneno yake mwenyewe, na alikuwa akifanya kazi gani. Maneno yake mwenyewe ni ya thamani, kwa sababu ndiyo yatakayokuwa vichwa vya jedwali la hitilafu. Kitabu kinasema "upungufu wa mtiririko upande wa mfyonzo". Mpigaji anasema "pampu inaunguruma lakini maji hayatoki". Andika la pili. Panga jedwali kwa dalili anayoiona au kuisikia fundi, kisha sababu, ukianza na ile inayotokea mara nyingi na iliyo rahisi kukagua, kisha hatua. Sishangai kama simu nyingi zitakuwa zimejikusanya kwenye kazi chache. Anza na hizo.

Utasikia mapendekezo mengine, na si mabaya. Moja ni karatasi moja ya hatua za kila siku, iliyofunikwa kwa plastiki na kubandikwa karibu na mashine. Naiunga mkono, ila ujue umezaa hati ya pili: mwakani mtengenezaji akibadilisha vali, kitabu kitarekebishwa na karatasi itasahaulika ukutani. Iwekee namba ya toleo na jina la cheo kinachowajibika nayo, au usiitoe. Jingine ni picha. Mchoro wa mistari wenye namba nne au tano huwa bora kuliko fotografia, kwa sababu fotografia huonyesha kila kitu, hata vumbi, na jicho halijui litue wapi. Lakini mchoro hauwezi kusema "subiri", "usifanye" wala "ikiwa". Maneno yatahitajika tu. Video ni nzuri kwa kazi ya mikono kama kubadilisha sili na ni mbaya kwa kutafuta namba moja ukiwa na haraka. La tatu ni kuandika kitabu upya kabisa. Kwa sehemu zilizotafsiriwa huenda ikawa rahisi kuliko kuhariri, maana tafsiri ya neno kwa neno ikisahihishwa sana huficha makosa ya maana chini ya lugha nzuri. Hapo weka maandishi asilia mbele yako, au mtu anayeyasoma vizuri, kabla hujagusa kitu.

Kipimo nilichokuahidi ni hiki. Chukua kazi moja uliyokwisha kuihariri. Tafuta fundi au mteja ambaye hajawahi kuifanya kwenye mfumo huu. Mpe kurasa hizo na mashine, mwambie aifanye huku akisema kwa sauti anachotafuta na anachofikiri. Wewe kaa pembeni na kalamu, na unyamaze. Kunyamaza ndiko kugumu. Akikuuliza "hii ndiyo yenyewe?", jibu "ungekuwa peke yako ungefanyaje?" Andika alipoduwaa, aliporudi nyuma, aliposhika kitu kisicho chake, alipofunua kurasa kutafuta. Mwambie mapema kwamba anayejaribiwa ni kitabu, la sivyo atajificha anapokwama ili asionekane hajui, na utaondoka na taarifa za uongo zenye heshima nyingi.

Watafiti Jakob Nielsen na Thomas Landauer walionyesha mwaka 1993, kwa hesabu, kwamba katika majaribio ya namna hii watu wachache wa mwanzo hufichua sehemu kubwa ya matatizo, na tangu hapo "watu watano" imegeuka kuwa kama amri. Si amri. Hesabu yao inategemea tatizo liwe rahisi kuonekana kiasi gani, na tatizo la nadra lakini la kuua linaweza kuwapita watano wote. Kwa kazi yako ningewajaribu watatu, nirekebishe, kisha niwajaribu wengine watatu. Jaribio lolote linalogusa umeme au presha lifanyike mbele ya fundi mwenye sifa, mwenye mamlaka ya kusimamisha kazi. Wewe na kalamu yako hamna mamlaka hayo.

Na jaribio likikuonyesha kwamba watu wote wanakosea mahali pamoja hata baada ya kurekebisha maandishi mara mbili, acha kuandika. Peleka taarifa kwa wahandisi kwamba vali mbili zinazofanana rangi na mpini zimewekwa karibu mno, au kwamba skrubu ya hewa haionekani bila kioo. Rangi nyekundu kwenye mpini itafanya kazi ambayo aya zako tatu hazitaiweza. Wahariri wengi huona aibu kusema hivyo, wakidhani wamevuka mipaka ya kazi yao.

Kuna mambo ambayo ushauri wa kuandikiana hautoshi, na hapo tafuta mtu wa kukaa naye meza moja. Kama mifumo yenu inauzwa nchi nyingine, mwanasheria au mtaalamu wa viwango akuambie yanayodaiwa huko. Katika Umoja wa Ulaya, kwa mfano, Agizo la Mashine 2006/42/EC lilidai hata tafsiri itambulishwe wazi kuwa ni tafsiri ya maelekezo asilia na iambatane nayo. Sehemu ya umeme ipitiwe na fundi umeme aliyesajiliwa, akiwa mbele ya paneli yenyewe, si kwenye barua pepe. Na kama mfumo wenu wa uchujaji una hatua ya kutia klorini au kusafisha kwa asidi, sehemu hiyo usiiguse hata kwa kuhamisha mstari mmoja mpaka mkemia au mhandisi wa maji aisome neno kwa neno na kuweka saini. Klorini na asidi zikikutana hutoa gesi ya sumu, na orodha ya hatua ambayo mhariri ameipanga upya kwa nia njema ni njia rahisi kabisa ya kuzikutanisha.